Praiveti au serikali? Namna ya kuamua mgonjwa atibiwe wapi

Kwenye familia nyingi swali la "tumpeleke praiveti au serikalini" huwa linaamuliwa na ndugu mwenye sauti kubwa kuliko wote, mmoja anasema serikalini watamuua kwa foleni, mwingine anasema praiveti wanataka hela tu, na wakati mnabishana mgonjwa yupo kitandani anawasubiri. Wote wawili wana ukweli fulani ila hamna anayejibu swali lenyewe, kwasababu "praiveti" ni neno linalobeba kila kitu, kuanzia kliniki ya vyumba viwili hadi hospitali yenye madaktari bingwa wa kila aina, na "serikali" nayo ni hivo hivo, kuna zahanati na kuna hospitali kubwa ya rufaa yenye mashine ambazo praiveti nyingi hawana.

Kwa hiyo usianze na jina la hospitali. Anza kuigawa tiba. Matibabu ya ugonjwa mmoja yana vipande: kuonwa na dokta, vipimo, oparesheni kama ipo, kulazwa, dawa, halafu kufuatiliwa miezi au miaka. Si lazima vipande vyote vifanyike sehemu moja. Na kabla hujaamua kipande chochote jiulize hili, na mi naona ndo swali kubwa kuliko yote: hali ikibadilika ghafla saa nane usiku, huyu mgonjwa ataishia wapi? Kama jibu ni hospitali ya rufaa ya serikali basi ujue hata ukianza praiveti bado unategemea serikali, na umbali wa kati ya hizo hospitali mbili ni sehemu ya tiba yako, uupigie hesabu.

Kama ni dharura

Hapa hamna cha kupima praiveti wala serikali, unapima vifaa na dakika. Mtu amepooza upande mmoja wa uso, mkono hauinuki, maneno hayatoki vizuri, hiyo ni stroku mpaka ithibitike vinginevyo. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo lakini kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi bila kupiga CT scan (mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa) kwanza maana stroku nyingine inatokana na damu kuvuja na hiyo dawa ingemmaliza. Sasa ukimpeleka kwenye kliniki nzuri ya karibu ambayo haina CT, wakamtundikia dripu, wakasubiri dokta aje, mkahamishwa jioni, masaa yote yameliwa. Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au tayani, sehemu sahihi ni ile itakayopima umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, ndo kiwango kinachotakiwa. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anahitaji sehemu yenye damu ya kuongezewa na thieta inayofanya kazi usiku.

Ndo maana hii kazi inafanywa mapema mkiwa wazima. Pigeni simu hospitali tatu nne za karibu, za serikali na za praiveti, muulize: CT ipo na inafanya kazi usiku? Mnayo damu ya kuongezea? Dokta wa usingizi analala hapo hospitali au anaitwa kutoka nyumbani? Mna chumba cha wagonjwa mahututi, na kina mashine za kupumulia? Mnadai dipoziti kabla ya kumpokea mgonjwa wa dharura? Andikeni majibu yakae kwenye simu ya kila mtu wa nyumba hiyo. Hospitali ambayo mapokezi hawajui kukujibu na hawataki kukuunganisha na anayejua, hiyo nayo umeshapata jibu lake.

Nani analipwa vipi

Hiki kitu watu hawakizungumzi wazi na kinaeleza mambo mengi sana. Serikalini dokta mara nyingi analipwa mshahara ule ule akuone wewe au asikuone, akuandikie vipimo kumi au kimoja. Matokeo yake unaijua: hana sababu ya kukuongezea kipimo usichokihitaji ila pia hamna kinachomsukuma akuwahi, na bajeti ikiisha dawa zinaisha. Praiveti nyingi zinalipwa kwa kila huduma, kila kipimo, kila siku ya kitanda, kwa hiyo unawahiwa, unasikilizwa, unapigiwa simu kukumbushwa apointimenti, na wakati huo huo kuna msukumo wa kuongeza vitu. Simaanishi madaktari wa praiveti ni wezi, na sehemu nyingi duniani dokta huyo huyo asubuhi yupo serikalini jioni yupo praiveti, mikono ni ile ile na elimu ni ile ile, kinachobadilika ni mfumo uliomzunguka.

Mfano unaojulikana ni upasuaji wa kujifungua. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tamko kwamba ukiangalia nchi nzima, kiwango cha upasuaji kikipita asilimia 10 hakionekani tena kupunguza vifo vya mama na watoto. Nenda Brazil sasa, kwenye hospitali za praiveti wanaojifungua kwa upasuaji wamekuwa zaidi ya asilimia 80, wakati za umma kiwango kiko chini zaidi. Miili ya wanawake ni ile ile. Haina maana wewe ukiambiwa unahitaji upasuaji ukatae, upasuaji unaohitajika unaokoa maisha ya wawili, ila una haki ya kuuliza sababu ni ipi, na ikiwa hali ya mama na mtoto inaruhusu kusubiri nini kitatokea mkisubiri.

Mgongo ni mfano mwingine. Maumivu ya kiuno ya kawaida kwa watu wengi yanapungua sana ndani ya wiki 6 hivi, na miongozo mingi ya kitabibu inasema usikimbilie MRI (picha ya kina ya ndani ya mwili) labda kuwe na dalili za hatari: miguu inaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo haushikiki au hautoki, homa, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani, au umeanguka vibaya. Mashine ikiwepo ghorofa ya chini na bima inalipa, MRI utaandikiwa siku ya kwanza, itaonyesha diski imesogea kidogo (watu wengi wasioumwa kabisa wanazo hivo hivo), na kuanzia hapo unaanza kutibu picha.

Kwa hiyo ukiwa praiveti kila ukiandikiwa kitu uliza kwa heshima: hiki kipimo kikitoka vyovyote vile, kitabadilisha tiba? Kama dokta anasema dawa ni ile ile, basi subiri. Ukiwa serikalini swali lako linageuka: kuna kipimo au dawa ambayo ningetakiwa kupata ila hapa haipo? Wengi hawakwambii mpaka uulize, maana wanajua utakwenda kutumia hela na hawajui kama unazo.

Ni wapi serikali ni chaguo zuri, hata kama una hela

Kifua kikuu, HIV na chanjo za watoto. Hivi sehemu nyingi vinasimamiwa na programu za umma na huko ndo kuna dawa za uhakika, kumbukumbu na watu wanaokutafuta ukipotea. TB ya kawaida dozi yake ni miezi 6 na ukikatisha katikati unatengeneza usugu, sasa dokta wa praiveti ambaye hayumo kwenye hiyo programu atakuandikia vizuri tu lakini usipotokea mwezi wa tatu nani atakupigia?

Watoto njiti pia, na ajali kubwa, na wagonjwa wa kuchanganya magonjwa (ana sukari, ana figo, sasa kapata nimonia). Hawa wanahitaji timu kubwa ya fani tofauti iliyopo masaa 24 na timu hiyo mara nyingi ipo hospitali kubwa za umma na za kufundishia. Watu wanalalamika kwenye hizo hospitali unaonwa na wanafunzi kumi, kweli inachosha, ila pia ina maana kesi yako inajadiliwa na watu wengi na profesa akiwepo.

Na magonjwa yanayokula hela bila kuisha. Kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, kama masaa 4 kila mara, hiyo ni mara 156 kwa mwaka. Chukua bei ya mara moja uzidishe kwa 156 kabla hujasema "tunaweza". Saratani ni hivo hivo, dawa za mizunguko (kimo) mara nyingi zinarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, mionzi mara nyingi ni siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa, halafu kuna vipimo vya kufuatilia. Nimeona familia zaidi ya moja zinaanza praiveti kwa kuchangishana, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu hela zimekata, mgonjwa anahamia serikalini anaanza kupangiwa upya na katikati hapo wiki zimepita bila dawa. Inaniuma kila nikiona kwasababu hela ile ile ingetumika kulipia kipimo cha haraka mwanzoni na nauli na lishe, na dawa angezianza pale pale ambapo angezimalizia. Anza sehemu ambayo unaweza kumaliza.

Ni wapi praiveti inakufaa

Vitu vya mara moja vyenye mwanzo na mwisho, bei inajulikana na uwezekano wa kuharibika ni mdogo. Mtoto wa jicho, ngiri isiyo na shida, meno, nyama za pua, ultrasaundi, kuonwa na bingwa mara moja upate maoni ya pili. Na pale ambapo kusubiri kunakudhuru, una uvimbe kwenye titi na kuchukua kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupima) serikalini umepangiwa miezi miwili ijayo, hapo kama una uwezo lipia hicho kipimo praiveti wiki hii, halafu na majibu yako urudi serikalini kwa tiba. Hii njia ya kununua muda kwenye kipande kimoja tu ndo matumizi mazuri kuliko yote ya hela kidogo uliyonayo, mi ningeiweka juu ya chumba cha peke yako na juu ya chakula kizuri cha wodini.

Ila ifanye kwa akili. Muulize kwanza dokta wa serikalini kama atayakubali majibu ya nje na anataka nini hasa, mwombe aandike kwenye fomu yake. Ukipiga CT au MRI chukua picha zenyewe kwenye sidii au flashi, karatasi ya ripoti peke yake haitoshi, mpasuaji anataka kuona mwenyewe. Ukitolewa kinyama uliza sampuli inatunzwa wapi na kama inaweza kuombwa kupelekwa maabara nyingine. Usipofanya hivyo unaweza kurudiwa kipimo kile kile na ukawa umelipa bure.

Sio kila kusubiri ni kubaya lakini. Hospitali za umma foleni mara nyingi inapangwa kwa uzito wa hali, kwa hiyo aliyekuja nyuma yako akaingia kwanza pengine ndo anakufa. Goti linalouma miaka mitano linaweza kusubiri miezi, linakera na linaumiza, haliui. Muulize dokta hivi, nikisubiri miezi mitatu kuna kitu kitaharibika ambacho hakirudi? Jibu lake ndo linakwambia kama hela ya praiveti ni ya lazima au ni ya starehe, na starehe sio dhambi kama unayo.

Kabla ya oparesheni, popote pale

Acha kuangalia marumaru na kiyoyozi. Kuna vitu vinajirudia kwenye tafiti nyingi kwamba mpasuaji na hospitali inayofanya oparesheni fulani mara nyingi inapata matokeo mazuri zaidi, hasa zile oparesheni ngumu. Kwa hiyo muulize: hii umefanya ngapi mwaka huu? Mara nyingi bingwa wa hospitali ya umma yenye foleni ndefu amefanya nyingi kuliko mwenzie wa hospitali tulivu, foleni yenyewe ndo uzoefu wake. Uliza nani anatoa usingizi na kama atakuwepo mwanzo mwisho. Uliza kama wanatumia orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, ipo tangu 2008, inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Ni karatasi moja tu. Uliza damu. Uliza usiku wa kwanza baada ya oparesheni nani anakuangalia, maana kuna sehemu mpasuaji anakuja toka nje, anapasua, anaondoka, na usiku kuna nesi mmoja wodi nzima na dokta kijana ambaye hajawahi kukuona.

Hesabu ya hela, ifanyeni kwa maandishi

Bei ya kwenye simu sio bili. Ukiambiwa oparesheni ni kiasi fulani uliza ndani yake kuna nini: mpasuaji, dokta wa usingizi, thieta, kitanda siku ngapi, dawa, vifaa kama vyuma vya mifupa na neti ya ngiri, maabara, kuonwa tena baada ya kutoka. Halafu uliza swali ambalo wengi wanaliogopa, ikitokea tatizo akalazwa siku tano zaidi au akaingia ICU (chumba cha mahututi) kwa siku moja ni shilingi ngapi? Ombeni makadirio kwa maandishi. ICU ndo inayofilisi watu, bei ya siku moja huwa mara kadhaa ya wodi ya kawaida na hamna anayejua ni siku ngapi.

Kwa miaka mingi WHO na Benki ya Dunia walikuwa wakihesabu kwamba matibabu yakichukua zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yote ya kaya basi hiyo gharama ni ya hatari kwa familia. Itumie kama taa nyekundu. Kabla ya kuuza kiwanja au kukopa kwa riba kaeni wote wenye maamuzi, na mgonjwa mwenyewe awepo kama anaweza kuongea, muulizane: hela hii inanunua nini ambacho serikalini hakipo? Kama jibu ni "wanajali zaidi" basi elewa ndo unachonunua, kujaliwa, na kina thamani yake, ila usikiuzie kiwanja.

Dawa, mara nyingi mnaokoa hapa bila kuhama hospitali. Omba dokta akuandikie jina la dawa yenyewe sio jina la kampuni, jeneriki (dawa ile ile isiyo na jina la kampuni iliyoianzisha) iliyosajiliwa ina kiambata kile kile kinachotibu. Na uulize kama ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi yako, nchi nyingi zinayo kwa kufuata ile ya WHO iliyoanza 1977, hizo ndo zenye nafasi kubwa ya kupatikana famasi ya serikali.

Bima isikupe usingizi. Soma ina kikomo cha mwaka kiasi gani na kama saratani, figo na uzazi vina vikomo vyao vidogo ndani yake, ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga unalipiwa au la, kuna miezi ya kusubiri, hospitali gani wanaipokea, na nini kinahitaji kibali kwanza. Kikomo kinaweza kuisha mgonjwa yupo kitandani, kwa hiyo akilazwa, kila siku ya pili mtu mmoja wa familia aende ofisi ya bili aulize tumefika ngapi. Sio siku ya kutoka. Siku ya kutoka umeshachelewa.

Kama hela haipo kabisa usikae nyumbani kwa aibu, hospitali nyingi za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii, kazi yao ni pamoja na misamaha na kulipa kidogo kidogo, ila uende mapema na vielelezo vyako sio baada ya bili kutoka. Serikalini pia jua siku za kliniki ya bingwa unayemtaka, wengi wana siku maalum kwa wiki, ukifika siku nyingine utaonwa na mwingine halafu utaona umedharauliwa wakati ni ratiba tu. Uwe na faili lako mwenyewe, kopi ya kila kitu, dawa zote anazotumia zimeandikwa na dozi zake. Dokta ana dakika chache, ukimkabidhi karatasi moja iliyopangwa amepata muda wa kukusikiliza.

Mkilazimika kuhama katikati

Inatokea, na inaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa, ila usihamishe mgonjwa kwa hasira. Semeni mapema wakati bado kuna hela kidogo na hali imetulia, mgonjwa ambaye presha inashuka au anapumua kwa shida asiwekwe kwenye gari la kawaida eti tuokoe bili ya leo. Dokta wa huku aongee kwa simu na dokta wa kule na mjue jina la aliyekubali kumpokea na kwamba kitanda kipo. Dai barua ya rufaa yenye ugonjwa uliogundulika, kilichofanyika, majibu ya karibuni, picha, na dawa zote na saa aliyopewa dozi ya mwisho ya kila moja, hasa dawa za kuzuia damu isigande, insulini, za maumivu makali na antibayotiki. Kama ana mirija au kidonda cha oparesheni iandikwe viliwekwa lini. Piga picha kila karatasi kabla hamjaondoka. Na mkifika kule asiondoke mtu wa gari mpaka nesi anayepokea awe ameisoma ile karatasi ya dawa mbele yenu.